Pikapu Kubwa ya Marekani Inakula Kiasi Gani? Mjadala wa Sauti Tatu

Ulaji wa mafuta wa pikapu kubwa za Marekani hutajwa kwa tarakimu tatu za lebo inayobandikwa kwenye kioo cha gari jipya: maili kwa galoni mjini, maili kwa galoni barabara kuu, na wastani wa hizo mbili. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, hivyo maili 20 kwa galoni ni sawa na kilomita 8.5 kwa lita. Katika kundi la Ford F-150, Chevrolet Silverado 1500, GMC Sierra 1500, Ram 1500 na Toyota Tundra, tarakimu hizo zimeachana sana. Ram TRX ya mwaka 2021, yenye injini ya V8 iliyofungwa supachaja, ilipewa wastani wa maili 12, yaani kilomita 5 tu na ushei kwa lita. Silverado ya 2020 yenye dizeli ya lita 3.0, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, ilipewa wastani wa 27, na kwenye barabara kuu 33, sawa na kilomita 14 kwa lita. Kwa gari la tani mbili na zaidi, lenye uso mpana na wima, hilo si jambo dogo.

Mabishano huanza gari likishatoka kwa muuzaji. Mwenye gari hujaza tangi, huhesabu, na mara nyingi hukuta pungufu. Wanaobishana ni wengi, maana pikapu za F-Series peke yake zimeongoza mauzo ya pikapu Marekani tangu 1977. Hoja zao zinaweza kuwekwa katika vinywa vya watu watatu. Mpimaji anasimama upande wa maabara. Mfugaji anavuta trela la ng'ombe magharibi mwa Texas. Mhasibu hana gari katika mjadala huu. Kazi yake ni kulipa bili ya mafuta ya pikapu za kampuni ya ujenzi.

Lebo na ilikotoka

Mpimaji anaanza na historia, kwa kuwa lawama nyingi anazotupiwa zinahusu kipimo ambacho kimekwisha kurekebishwa. Baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973, sheria ya mwaka 1975 iliwawekea watengenezaji viwango vya ulaji. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilikuwa tayari na jaribio la kupima moshi, ambapo gari hufungwa juu ya roli ndani ya maabara na kuendeshwa kwa kufuata mwenendo wa kasi ulioigwa kutoka mitaa ya Los Angeles. Jaribio hilo likawa kipimo cha mjini. La barabara kuu likaongezwa, lenye wastani wa kilomita 77 kwa saa na kilele cha 97.

"Madereva walilalamika, na walisikilizwa," anasema Mpimaji. "Mwaka 1985 tarakimu za lebo zilikatwa, asilimia 10 kwa mjini na 22 kwa barabara kuu. Kuanzia magari ya 2008 yakaingia majaribio matatu zaidi: moja la kukanyaga mafuta kwa nguvu hadi kilomita 129 kwa saa, jingine la joto la nyuzi 35 kiyoyozi kikiwaka, na la tatu la baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri. Anayesema lebo haijui kiyoyozi anaizungumzia lebo ya baba yake."

Jibu hilo lina uzito, ila linapita juujuu mahali pawili. Kwanza, majaribio mengi hufanywa na watengenezaji wenyewe. EPA hurudia sehemu tu, katika maabara yake ya Ann Arbor, Michigan. Pili, juu ya roli hakuna upepo. Ukinzani wa hewa na wa tairi hupimwa nje, gari likiachwa lijiendee kwa gia huru kutoka kasi kubwa hadi mwendo upungue sana, kisha roli hurekebishwa ziuige ukinzani huo. Kosa dogo hapo huhamia kwenye kila tarakimu inayofuata. Mwaka 2012 Hyundai na Kia walilazimika kushusha tarakimu za magari yao mengi kwa sababu ya kipimo hicho, na 2014 wakakubali kulipa faini ya dola milioni 100. Hayo hayakuwa pikapu, lakini njia ya kupima ni ileile.

Jambo la tatu Mpimaji halifichi, ingawa haliweki mbele. Pikapu hupimwa ikiwa na kilo 136 za ziada juu ya uzito wake, yaani dereva, abiria mwembamba na mkoba. Gari lililoundwa kubeba na kuvuta linahukumiwa likiwa tupu.

Kasi, kisha trela

Mfugaji hahitaji kufikishwa kwenye trela ili aanze kulalamika. Kasi inamtosha.

"Barabara ya I-10 magharibi mwa Texas inaruhusu kilomita 129 kwa saa," anasema. "Kuna nani kule anayekwenda 77? Malori yenyewe yatampigia honi mpaka ashuke pembeni."

Hapa fizikia iko upande wake. Nguvu ya hewa inayolisukuma gari nyuma hukua kwa kipeo cha pili cha kasi. Kutoka kilomita 97 hadi 129 kwa saa, kasi imeongezeka kwa theluthi moja, lakini ukinzani wa hewa umeongezeka kwa zaidi ya robo tatu. Gari dogo huumia pia, ila pikapu huumia zaidi kwa sababu uso wake ni mkubwa. Watengenezaji hupenda kutangaza mgawo wa ukinzani, na Ram 1500 ya 2019 ilisifiwa kwa 0.357, tarakimu nzuri kwa pikapu. Mgawo huo hauna maana mpaka uzidishwe kwa eneo la uso wa gari, na eneo hilo halitangazwi kwa mbwembwe. Mwenye gari anayeliinua juu zaidi na kulifunga tairi pana huongeza vyote viwili, kisha humlaumu aliyebandika lebo.

Imani moja ya zamani inastahili kuondolewa njiani: kwamba kushusha mlango wa nyuma wa sehemu ya mzigo huokoa mafuta kwa kuiachia hewa ipite. Mlango ukiwa umefungwa, hewa hujizungusha ndani ya sehemu ya mzigo na kutengeneza kama mto, na hewa inayotoka juu ya kibanda huteleza juu ya mto huo. Kuushusha huuvunja. Kwa pikapu nyingi za kisasa faida haipo, na wakati mwingine ni hasara.

Kwenye trela, pande zote zinakubaliana juu ya ukubwa wa pigo. Trela refu kwa kimo likivutwa kwa kasi ya barabara kuu, pikapu ya petroli iliyozoea maili 20 kwa galoni hushuka hadi karibu nusu yake. Wengi hudhani uzito ndio mkosaji. Kwenye tambarare, umbo lina makosa zaidi: boti iliyolala chini kwenye trela lake hula mafuta kidogo kuliko sanduku tupu lenye uzito uleule linalosimama juu ya kibanda cha gari. Uzito hudai haki yake kwenye mlima na kila gari linaposimama na kuondoka tena.

Mpimaji anauliza, na si kwa dharau, ni trela lipi lingewekwa kwenye lebo. La ng'ombe? La boti? Nyumba ya likizo ya mita 9? Kila moja lingetoa tarakimu yake, na mnunuzi angebaki na jedwali badala ya jibu.

Mfugaji ana jibu ambalo Mpimaji hakulitarajia. Chama cha wahandisi wa magari, SAE, kina kiwango kiitwacho J2807, ambacho watengenezaji hukitumia kutangaza uwezo wa kuvuta. Kiwango hicho hutaja hata ukubwa wa uso wa trela la majaribio, na hulifanya gari lipande mlima wa Davis Dam huko Arizona, zaidi ya kilomita 18 za kupanda jangwani, kiyoyozi kikiwa kimefunguliwa hadi mwisho. "Trela la kupimia lipo, mlima upo, dereva yupo," anasema. "Wanaandika kama gari limefika juu. Kilichotumika tangini hawaandiki." Hoja hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote zilizotolewa upande wake, na Mpimaji anaiacha ipite bila kuijibu.

Injini ndogo yenye tabo, au silinda nane?

Ugomvi mkali zaidi kati ya wenye pikapu ni wa injini. Mwaka 2011 Ford iliiweka sokoni F-150 yenye V6 ya lita 3.5 na tabo mbili, ikaiita EcoBoost, kando ya V8 ya kawaida ya lita 5.0. Lebo ziliwatenganisha ndugu hao wawili kwa maili moja tu kwa galoni, 18 dhidi ya 17. Wenye magari wakatunga mzaha: katika jina lile unaweza kupata Eco au ukapata Boost, zote mbili kwa pamoja hupati.

Mzaha huo una sayansi ndani yake. Injini ndogo huokoa mafuta gari linapokwenda polepole bila mzigo, kwa sababu injini kubwa ya petroli inayofanya kazi ndogo hulazimika kuvuta hewa kupitia valvu iliyobanwa, na kazi ya kuivuta ni hasara tupu. Tabo ikiamka, hali hubadilika. Hewa nyingi hushindiliwa ndani, mafuta mengi huifuata, na injini ya lita 3.5 sasa inapumua kama kubwa. Mzigo ukizidi, kompyuta huongeza mafuta kupita kiasi kinachohitajika kuungua vizuri, yaani kupita gramu moja kwa kila gramu 14.7 za hewa, ili joto la ekzosi lisiharibu tabo na mitambo ya kusafishia moshi. Mafuta hayo ya ziada hayalisukumi gari, yanapoza vyuma.

Mpimaji anaona hapo kwa nini maabara inaipenda tabo. Majaribio mawili ya zamani hayaikanyagi sana, hivyo injini hukaa zaidi upande wake wa akiba. Mfugaji anaona jambo jingine, na anastahili kusikilizwa maana yeye ndiye anayevuta: EcoBoost ile ilitoa nguvu ya mzunguko ya Nm 569 injini ikizunguka mara 2,500 tu kwa dakika, wakati V8 ilihitaji mizunguko 4,250 ili itoe kilele chake kilicho chini ya hapo. Kwenye mlima, gari la tabo hupanda bila kupiga kelele. Anayelinunua kwa ajili ya kuvuta hanunui akiba. Ananunua utulivu wa kupanda mlima, na anaulipia kwenye pampu.

Wafuasi wa V8 nao hawakukaa kimya. General Motors iliifunga Silverado ya 2019 mfumo unaozima baadhi ya silinda kazi ikipungua, wenye mipangilio 17 ya kuwasha na kuzima. Kwenye barabara tambarare, injini kubwa huenda ikawa inatumia silinda mbili tatu. Trela likifungwa nyuma, zote nane hurudi kazini, na akiba hukoma.

Mseto wa petroli na umeme nao una mahali pake. F-150 PowerBoost ya 2021 yenye magurudumu manne ya kusukuma ilipewa maili 24 mjini na 24 hizohizo barabara kuu. Tarakimu hizo mbili zikiwa sawa zinaeleza mambo mengi. Mota ya umeme huokoa nishati ambayo breki ingeipoteza, na mjini breki hukanyagwa kutwa. Kwenye I-10 hakuna cha kuokoa.

Inabaki dizeli. Lita ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa kiasi kinachozidi asilimia 10, na injini yake haina valvu ile ya kubana hewa. Kwa sababu hizo mbili, pikapu ya dizeli hushuka kidogo kuliko ya petroli trela linapofungwa. Mhasibu anaingilia kati na kukumbusha kwamba injini ya dizeli huongeza bei ya gari, hudai myeyusho wa urea wa kusafishia moshi, na mafuta yake mara nyingi ni ghali zaidi kwa galoni. Anaongeza kwamba sifa ya dizeli imewahi kuchafuka: mwezi Januari 2019 Fiat Chrysler ilikubaliana na serikali kuhusu programu za kompyuta katika Ram 1500 na Jeep Grand Cherokee zaidi ya 100,000 zenye dizeli iitwayo EcoDiesel, zilizobadilisha udhibiti wa moshi nje ya maabara.

Hesabu ya tangi

Kabla ya kumwamini dereva anayesema gari lake "linakula", Mhasibu huuliza alivyopima. Kompyuta ya dashibodi hukisia mafuta kwa muda ambao nozeli zimefunguka, na mara nyingi hujipendelea kwa asilimia chache. Kujaza tangi na kugawa ni bora, ila pampu hukatika mapema au kuchelewa kutegemea gari lilivyosimama, hivyo tangi moja halisemi kitu. Huhitajika kadhaa mfululizo.

Kuna kosa lingine ambalo wapenzi wa tairi kubwa hulisahau. Tairi za inchi 32 zikibadilishwa kwa za inchi 35, kila mzunguko wa gurudumu humeza ardhi zaidi kwa asilimia 9. Kama kompyuta haijaambiwa, dashibodi itaandika kilomita 100 wakati gari limekwenda 109. Anayegawa kilomita hizo kwa lita atalihukumu gari kwa umbali pungufu kuliko liliokwenda. Tairi hizo ni nzito na zinakinzana zaidi, hilo ni kweli, lakini sehemu ya hasara anayolalamikia ipo kwenye kipimo, haipo tangini.

Mafuta yenyewe pia hayalingani. Petroli inayouzwa vituo vingi Marekani ina asilimia 10 ya ethanoli, ambayo peke yake hupunguza umbali kwa kama asilimia 3. Pikapu zinazokubali E85, mchanganyiko ambao ethanoli ndiyo nyingi, hupoteza asilimia 15 hadi 27. Baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri hula takriban asilimia 15 mjini ikilinganishwa na siku ya joto la nyuzi 25, na zaidi kwa safari fupi ambazo injini haiwahi kupata moto. Mmiliki wa Minnesota na wa Florida wanaweza kubishana mwaka mzima na kila mmoja akawa mkweli.

Kwa Mhasibu, hata hivyo, kosa kubwa zaidi limo katika kugawa kwenyewe. Maili kwa galoni, kama kilomita kwa lita, hudanganya jicho. Pikapu inayokwenda kilomita 20,000 kwa mwaka ikipanda kutoka kilomita 5 hadi 6 kwa lita, inaokoa lita 667. Gari dogo likipanda kutoka kilomita 12 hadi 15, kwa umbali uleule, linaokoa 333, nusu yake. Wa kwanza ameongeza kilomita moja na wa pili tatu, na anayepigiwa makofi ni wa pili. Mwaka 2008 Richard Larrick na Jack Soll wa Chuo Kikuu cha Duke waliionyesha hitilafu hii katika jarida la Science, na lebo iliyoanza na magari ya 2013 sasa hutaja pia galoni kwa kila maili 100. Imeandikwa kwa herufi ndogo.

"Ndiyo maana," anasema Mhasibu, "kampuni isianze na gari linalokula kidogo. Ianze na bovu kuliko yote, lile linaloshinda kwenye eneo la ujenzi injini ikinguruma ili msimamizi apate ubaridi." Injini kubwa ya petroli ikiwaka bila gari kwenda hutumia kama lita moja na nusu hadi mbili kwa saa, na kilomita zake ni sifuri. Hakuna lebo itakayolitabiri hilo.

Sheria iliyoyapanua magari

Mfugaji anashangaa kwa nini pikapu zinazidi kuwa kubwa ilhali kila mtu analalamikia mafuta. Jibu limo kwa sehemu katika sheria ileile ya 1975. Pikapu ziliwekwa kundi la malori mepesi na kupewa viwango vilegevu: magari madogo yalidaiwa maili 27.5 kwa galoni kufikia 1985, malori mepesi yakakaa kwenye 20.7 tangu 1996 hadi 2004. Baadaye kiwango kikafungwa kwenye eneo lililo kati ya magurudumu manne. Kadiri gari linavyokuwa refu na pana, ndivyo linavyodaiwa kidogo. Mhandisi aliyebanwa na sheria ana njia mbili, kupunguza ulaji au kuyatawanya magurudumu, na ya pili huuza magari.

Ushindani kutoka nje nao ulizuiwa mapema. Tangu 1964 pikapu zinazoingizwa Marekani kutoka ng'ambo hutozwa ushuru wa asilimia 25, uliozaliwa katika ugomvi na Ulaya juu ya kuku. Pikapu ya Toyota Hilux, inayojulikana kutoka Mombasa hadi Mbeya na Lubumbashi, haijauzwa Marekani kwa jina hilo tangu miaka ya 1970 ya katikati. Mnunuzi wa Texas hana pikapu mpya ya dizeli ya ukubwa huo ya kulinganisha na ile kubwa. Viwango vyenyewe navyo vimelegezwa: mwezi Julai 2025 sheria mpya ilishusha hadi sifuri faini ya mtengenezaji anayeshindwa kufikia kiwango cha ulaji.

Mpimaji anamaliza kwa kukiri mpaka wa kazi yake. Lebo inahusu pikapu ambazo uzito wake halali, pamoja na mzigo, hauzidi kilo 3,856. Juu ya hapo, kwa Ford F-250, Ram 2500, Silverado 2500HD na ndugu zao, haitakiwi. Kuanzia magari ya 2014 pikapu hizo nzito ziliwekewa kiwango chao cha gesi chafu, kilichokokotolewa kwa kuangalia uwezo wa kubeba na wa kuvuta. Kwa hiyo serikali ilikubali kwamba mzigo unahesabika, ila hesabu hiyo ilifanyika kati yake na mtengenezaji. Mfugaji anayenunua F-250, gari la kundi linalovuta kuliko mengine yote yaliyotajwa hapa, hupewa kioo kisicho na tarakimu hata moja ya mafuta.